Mpira Uliotoka Kwenye Belo

Mwezi uliopita nilikwenda Kihonda kuangalia nyumba aliyotuachia mama, na kabla sijafika gurudumu la gari likaisha upepo. Fundi wa pancha alikuwa na televisheni juu ya rafu, na vijana watatu walikuwa wameikodolea macho. Wanaume wenye kofia ngumu na mabega ya kubandika walikuwa wakirukiana kama mafahali. Kisha mmoja mwembamba akaingia, akapiga mpira ukapita katikati ya milingoti miwili, akatoka zake nje. Kijana mmoja akasema kazi hiyo hata dada yake angeiweza, kwani ni teke tu. Wenzake wakambishia mpaka fundi naye akaacha kazi. Mwishowe wakanigeukia.

"Shikamoo, mama. Hebu tuamulie. Mwanamke anaweza kuajiriwa kule, awe anapiga tu?"

Nikacheka, wakadhani nawadharau. Hapana, rafiki yangu. Swali hilo nilikutana nalo nikiwa na miaka kumi na miwili, mtaa huohuo, na lilinitia hofu ambayo mpaka leo nikiikumbuka nashusha pumzi.

Ilikuwa miaka ile baada ya ruksa ya kuingiza bidhaa za nje, maduka yalipoanza kujaa sabuni na viwanda vikaanza kupunguza watu. Mama naye alipunguzwa, akaanza kuuza mitumba. Siku ya kufungua belo la nguo ilikuwa sikukuu nyumbani kwetu. Ile harufu ya dawa ya nguo za Ulaya ilijaa chumba kizima, na mimi kazi yangu ilikuwa kupanga, sweta huku, suruali kule. Siku moja, ndani ya furushi la viatu vya watoto, nikashika kitu kigumu. Ulikuwa mpira, lakini umechongoka ncha mbili kama papai, wenye kamba ubavuni kama za kiatu.

Mama alijaribu kuuuza wiki mbili. Kila aliyeudundisha ulimkimbia pembeni, akaurudisha. Basi akanipa.

Aliyetueleza ni mwalimu wa jiografia, mpangaji wa nyumba ya pili, mtu aliyekuwa akisoma kila karatasi iliyofungiwa vitumbua. Alisema kule Marekani wanautumia kwa mchezo wao wa kuangushana, na katika kila timu kuna mtu asiyefanya lolote ila kupiga mpira huo kwa mguu, upite juu ya mwamba wa goli.

"Analipwa kwa teke tu?" mama aliuliza.

"Analipwa vizuri."

Nikamuuliza kama msichana anaweza kuifanya kazi hiyo. Alikuwa mwalimu wa kweli yule, hakunicheka. Alifikiri, akasema, "Sijui. Tujaribu kwanza kama mpira wenyewe unakubali."

Tulifunga mianzi miwili kwenye magoli ya uwanja wa mchanga nyuma ya nyumba zetu. Kila jioni, baada ya kuteka maji na kuosha vyombo, rafiki yangu mmoja wa darasani aliusimamisha mpira kwa kidole kimoja na mimi nikapiga, miguu mitupu. Mara ya kwanza ulikwenda kwenye choo cha watu. Baada ya mwezi, katika mapigo kumi, saba yalipita kati ya mianzi. Wanaume waliokuwa wamepunguzwa kazini, ambao walishinda pale wakicheza mpira wa kawaida kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kufanya, walianza kusimama na kutazama. Na jina la dada mmoja wa mtaani likawa linatajwa kwenye vijiwe vya kahawa. Jina hilo lilikuwa langu.

Jirani yetu, mama mmoja mshona nguo, hakupendezwa. Aliniita kibarazani kwake, cherehani ikiendelea kulia.

"Binti, nyonga za mwanamke hazikuumbwa kwa mateke. Zikiachia, basi. Hutazaa."

Alilisema kwa upole kabisa, na ndiyo maana nilimwamini.

Uelewe vizuri hofu yangu. Sisi ni Waluguru, na kwetu ukoo unapita kwa mama. Bibi yangu alizaa mtoto mmoja wa kike, mama yangu. Mama yangu alizaa wavulana watatu na mimi. Nisingezaa mimi, mstari wa bibi ungeishia hapo. Hili hatukufundishwa kwa kukalishwa chini; tulilijua kama tunavyojua jina la mtu. Hata hivyo sikuacha. Nilisema kesho nitaacha, na kesho yake nikapiga tena.

Likizo ya Juni nikapanda milimani kwa bibi, kama kila mwaka. Ah, asubuhi za kule! Ukungu mpaka mlangoni, magimbi ya kuchemsha na chai ya mchaichai, moshi wa kuni ukitoka katikati ya nyasi za paa kana kwamba nyumba inapumua. Kazi yangu ilikuwa kuchuma maharage kwenye makinga maji ya shamba na kubeba maji kutoka kijitoni. Siku ya tatu nikaanza kusikia maumivu kwenye paja la kulia, juu, karibu na nyonga. Siku ya tano lilikuwa limevimba na lina moto. Nilijua ni nini. Nyonga ilikuwa inaachia.

Nilificha. Nilifunga khanga mbili, nikatembea kwa kujikaza, na nikienda kijitoni nililia huko, kisha nikanawa uso. Sikulilia mguu. Nilimlilia bibi, aliyekuwa ameinama shambani bila kujua kwamba nimemmalizia ukoo wake kwa mpira wa mitumba.

Alinigundua nilipodondosha ndoo. Akafunua khanga, akaweka kiganja.

"Mke mwenzangu, hili la tangu lini?"

Nikamwaga yote: belo, mianzi, maneno ya mshona nguo. Bibi akajifunga khanga kiunoni, akachuchumaa mbele yangu, akasema, "Panda."

Alinibeba mgongoni njia yote ya kushuka, akipumzika kwenye kila jiwe kubwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, na mimi nilikuwa nimeshamfikia begani. Mahali fulani karibu na daraja la miti akaongea, bila kugeuka.

"Nyonga zangu hizi zimebeba mikungu ya ndizi mlima huu tangu sijaota matiti. Na mama yako alitoka. Sasa mpira una uzito gani?"

Nilitaka kumwamini, lakini mguu ulikuwa unaniuma mno.

Kwenye zahanati chini, nesi mnene mwenye miwani alibonyeza paja, nikapiga kelele. Akamwita daktari. Daktari akatazama kwa muda usiozidi wa kunywa maji, akasema, "Jipu la ndani," akaomba wembe.

Usaha uliotoka sitakusimulia, huenda unakula. Maumivu yaliondoka kama mtu aliyeamka kwenye kiti akatoka. Nesi alipokuwa akifunga bandeji nilimshika mkono.

"Dada, nitazaa?"

"Ukikua, ukitaka. Kwani vipi?"

Nikamweleza. Aliketi kitandani kwangu, akavua miwani, akacheka mpaka bibi naye akaanza.

"Mtoto wa watu! Jipu linampata hata aliyekaa kitako mwaka mzima. Mimi nimecheza netiboli na kukimbia mbio mpaka chuoni, na nina wanne nyumbani wananimalizia sukari."

Nililia pale kuliko nilivyolia kijitoni. Bibi alinipangusa kwa ncha ya khanga, akamuuliza nesi kama kuna mahali pa kupata uji.

Nilichomwa sindano siku saba, na mwezi uliofuata nikarudi uwanjani. Mwalimu akaniambia kupiga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kupiga huku watu wazima wanakujia. Akawaomba watatu kati ya wale wanaume waliopunguzwa kazini wanikimbilie kwa nguvu zao zote ila wasiniguse. Jirani mshona nguo alikuja pia, na mkasi wake ukining'inia shingoni kwa kamba. Pigo la kwanza niliogopa, nikafumba macho, mpira ukamgonga mmoja tumboni. Uwanja mzima ukacheka. Pigo la pili sikuwatazama. Nilisikia tu vishindo vyao, kisha ule mlio mzito wa mpira kukutana na mguu, kisha kimya, kisha kelele. Ulipita kati ya mianzi, ukavuka uzio.

"Sijui kama kule watamwita," mwalimu aliwaambia watu. "Lakini wakimkataa, watafute sababu nyingine. Hii ya kwamba hawezi imekwisha."

Mshona nguo akaniuliza kama jipu limepona sawasawa.

Hawakuniita, wala sikungoja. Nilikua, nikasoma, nikaajiriwa ofisini, nikazaa watatu, wawili wa kike. Vijana wa pancha niliwajibu kwamba mwanamke anaweza kupiga. Kama kuna timu ya kumwajiri, hilo wawaulize wenye timu. Wakaanza kubishana upya, nikalipa, nikaondoka.

Nilipita uwanjani. Hakuna uwanja. Kuna nyumba sita, kanisa dogo na duka la saruji. Wale wanaume walitawanyika, wengine kwenye mashamba ya miwa, mmoja Kisaki, wengine sijui. Mwalimu alistaafu akarudi kwao. Mpira ulipasuka kwa jua, mama akautupa bila kuniambia, na sikumlaumu.

Bibi aliwahi kumpakata binti yangu wa kwanza. Alimgeuza, akampima miguu kwa shubiri, akasema ni mirefu, akaomba chai. Sasa nyumba yake kule juu imeanguka, na ile njia ya kushukia imefunikwa na majani, kwa kuwa watu wanapanda na pikipiki upande wa pili. Migomba yake bado inazaa. Wanaopita wanakata ndizi bila kujua ni nani aliyeipanda, na mimi nimewaacha wakate.