Nilivyosafisha picha ya dada yangu bafuni Mabawa, na Baba Yetu mara tatu iliyoniponza

Wakuu, nawasalimu nikiwa nimechoka, kwa hiyo leo msitegemee mbwembwe.

Haya ninayoandika yamenitokea mwenyewe, bafuni kwangu, Mabawa hapa Tanga. Sijatia chumvi. Chumvi ya maji ya bombani kwetu inatosha.

Mimi ni fundi wa friji na AC. Wiki nzima napoza vyumba vya watu, halafu narudi kwangu kwenye feni moja inayolia kama ina kikohozi. Naishi na mama yangu. Mke wangu yuko kazini mkoa mwingine, anakuja likizo.

Mama ana presha ya macho. Jicho la kulia lilishakufa. La kushoto lilikuwa limebaki na uoni kidogo, na daktari alinivuta pembeni akaniambia tusijidanganye, nalo linakwenda. Dawa ni za kuchelewesha tu.

Nilipomweleza mama, hakulia. Aliniambia anataka kitu kimoja kabla halijazima. Anataka picha ya Naomi.

Naomi ni dada yangu. Alikufa kwa homa akiwa na miaka sita, mimi sijazaliwa. Wazazi wangu walikuwa vibarua wa chai kule juu Amani, na kuna siku mpiga picha wa kutembea alipita kambini akampiga picha moja. Picha yenyewe ililiwa na mchwa tangu nikiwa mdogo, hata siikumbuki. Kilichobaki ni negative, kile kipande cha filamu ambacho cheupe kinaonekana cheusi na cheusi kinaonekana cheupe. Mama amekitunza miaka yote ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisani, kwenye bahasha ya kaki.

Sasa najua mnachotaka kusema. Kwa nini usiende duka la picha wa-scan?

Nilikwenda. Dada wa dukani alinipokea vizuri, akai-scan, akaona ina mikwaruzo, akaipitisha kwenye app ya kutengeneza sura. Alitaka kunisaidia, simlaumu. Picha ilitoka safi, kubwa, inang'aa. Nikaibeba kama mtu aliyeshinda kitu.

Mama akaiweka karibu na jicho lake, mlangoni penye jua. Akakaa nayo muda mrefu. Halafu akaniuliza, "Huyu ni mtoto wa nani?"

Nikamwambia ni Naomi.

"Naomi alikuwa na kengeza," akasema. "Huyu macho yamenyooka."

Wakuu, ile app ilikuwa imemnyoosha jicho. Ikamziba na pengo la meno. Ikampa ngozi ya mtoto wa tangazo la sabuni. Mama alinirudishia ile picha kwa adabu kabisa, kama unavyomrudishia mtu mzigo uliokosewa, akaniambia asante. Ile asante iliniuma kuliko angenigombeza.

Nikarudi dukani. Yule dada alijaribu bila app, ikatoka kitu cha kijivu, sura haionekani. Mwisho akaniambia kuna mzee hukohuko kwetu Mabawa, Mzee Kassim, zamani alikuwa na studio na alisafisha picha nyeusi na nyeupe kwa mkono. Labda yeye.

Nikamkuta Mzee Kassim barazani kwake. Shikamoo, marahaba, nikaeleza shida yangu. Akaishika negative kwa kingo, akaiinua juani, akasema mtoto yumo humu, mzima kabisa, wala hajaharibika.

Tatizo, mikono yake inatetemeka. Na nyumba yake ameipangisha vyumba vyote, hana pa kuweka giza. Lakini mashine ya kukuzia picha anayo uvunguni, na pakiti moja ya karatasi za zamani. Tukazihesabu kwa kupapasa ndani ya mfuko wake mweusi. Kumi na nne. Dawa za unga nikaagiza Dar, zikaja na basi. Karatasi nikaulizia kila mahali nikakosa. Kwa hiyo kumi na nne ndizo hizohizo.

Akakubali kunifundisha, nyumbani kwangu, Jumapili mchana nikitoka ibadani.

Chumba cha giza kikawa bafu. Dirisha nikalipiga blanketi na misumari, chini ya mlango nikaziba kwa khanga ya mama. Mashine juu ya meza fupi. Mabeseni matatu sakafuni: la kwanza dawa ya kuitoa picha, la pili ya kuikatisha, la tatu ya kuifunga isipotee. Taa nyekundu, maana hiyo karatasi haiioni.

Sasa fikiria Tanga, saa nane mchana, bafu lisilo na dirisha, na harufu ya dawa kama siki iliyochacha. Maji ya bombani yenyewe yana joto la kuogea. Mzee akasema dawa ikiwa moto picha inakuja mbio na inatoka chafu, kwa hiyo nikawa nanunua barafu za mfuko kwa jirani anayeuza juisi, nazizungushia beseni la kwanza. Fundi wa friji, naganga joto kwa barafu za mia mbili mia mbili. Nilijicheka mwenyewe.

Kazi yenyewe kwa maneno mafupi ni hivi. Unawasha mashine, mwanga unapita kwenye negative na kuangukia karatasi. Mwanga ukikaa mno, karatasi inatoka nyeusi. Ukikaa kidogo, inatoka nyeupe. Kila kitu kiko kwenye muda.

Karatasi ya kwanza niliiua kwa simu. Niliwasha saa ya simu nipime muda, mwanga wa kioo ukaichoma kabla sijafanya lolote. Mzee akaniambia niachane na simu. Yeye miaka yote hakutumia saa. Anasoma Qulhuwallah mara tatu, kwa utulivu, anazima. Karatasi hizi na mashine hii, kwa negative ya unene ule, ni mara tatu. Alikuwa na uhakika.

Ila pale kwangu hawezi kusoma. Chooni hasomi Qurani, na bafu langu lina choo humohumo. Kwa hiyo akakaa kwenye kigoda ukumbini, nje ya mlango, jirani na kiti cha mama, akawa ananielekeza kwa sauti. Mimi ndani.

Akasema, "Wewe soma ya kwenu, mwanangu. Mara tatu. Usikimbie."

Nikasoma ya kwetu. Baba Yetu, mara tatu, kimoyomoyo, bila kukimbia. Nikazima, nikaichovya karatasi kwenye dawa.

Ikaja nyeusi. Haikuja picha, lilikuja giza tupu.

Nikamtolea mzee nje. Akaigeuza, akauliza kama mlango ulipitisha mwanga. Nikaongeza khanga ya pili. Nyeusi. Akasema labda karatasi zimezeeka. Nikaikata nyingine vipande vya kujaribia, kila kimoja kwa mara tatu zilezile, nyeusi vyote. Akasema labda dawa imepata moto. Nikaongeza barafu mpaka vidole vikafa ganzi. Nyeusi. Kila mara ananiuliza, umesoma mara tatu? Namjibu, mara tatu kamili mzee, sikukimbia.

Na kweli sikukimbia.

Jumapili tatu zilikwenda hivyo. Moja umeme ulikatika, tukakaa ukumbini tukinywa chai ya tangawizi, mzee na mama wakizungumzia bei ya machungwa ya Muheza kama watu waliokuja kunisalimia. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni, nguo zimelowa jasho, natamani kila mtu aondoke nilale.

Niseme ukweli, maana niliahidi. Nilikuwa nimemchoka mama pia. Kumtia dawa ya macho mara nne kwa siku, kumshika mkono kwenda msalani, kujibu ni nani amepita barabarani. Mtoto wa pekee aliyebaki ni mimi. Na sasa nahangaika na mtoto wake mwingine ambaye sikuwahi kumwona. Kuna Jumapili nilijiuliza, kwani ile picha ya dukani ina ubaya gani? Si angeipokea tu.

Jumapili ya nne karatasi zilibaki tatu. Na asubuhi ile mama alikuwa ameweka kikombe cha chai hewani, pembeni ya meza, kikavunjika. Nikaokota vigae. Tulijua wote wawili.

Nikaingia bafuni. Nikakata kipande kidogo tu kutoka karatasi moja, nikawasha mashine. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikuweza hata kuomba kimoyomoyo, akili ilikuwa inakatika. Nikasoma kwa sauti. Nikafika mwisho wa ile ya kwanza, nikasikia mama huko nje anaitikia, "Amina."

Mara Mzee Kassim akagonga mlango kwa fimbo.

"Mwanangu, hebu zima mashine, njoo hapa."

Nikatoka. Mzee amekunja uso kama anayepiga hesabu.

"Wasoma nini mle ndani?"

Nikamwambia, Baba Yetu.

"Yote ile?"

"Yote."

"Mara tatu?"

Nikamwambia si ndivyo ulivyosema mzee.

Akaniambia niisome palepale mbele yake, kwa mwendo uleule wa ndani. Pale ukumbini yeye hana kizuizi, kwa hiyo naye akaanza yake, midomo ikicheza taratibu, vidole vinavuta tasbihi. Nilipofika Amina ya kwanza, alikuwa ameshainua vidole vitatu. Ameshamaliza zote.

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tutoke kwa daktari.

Mzee hakucheka. Alinitazama kwa huruma, akasema kosa ni lake. Vijana wote aliowahi kuwafundisha studio walikuwa wamesoma chuo cha msikiti mmoja. Haikumwingia akilini kwamba ya kwetu ni ndefu kuliko ile. Nami haikuniingia akilini kwamba ya kwao ni fupi. Majirani miaka yote, tunapeana pilau za Idi na Krismasi, na hakuna aliyejua mwenzake anaomba kwa urefu gani.

"Mara moja yako ndiyo mara tatu zangu," akasema. "Rudi ndani. Moja tu."

Nikarudi. Karatasi mbili nzima zilikuwa zimebaki. Barafu inayeyuka. Nikaweka moja, nikawasha, nikasoma mara moja, nikazima. Nikaichovya.

Kwanza ilikuja michai, mstari mweusi nyuma. Halafu nywele. Halafu shingo ya gauni, na vifungo. Uso ulichelewa. Nikawa nalitikisa beseni taratibu kama nilivyofundishwa, na uso ukaja polepole, jicho moja likinitazama mimi na jingine likitazama pembeni. Pengo la meno. Kidevu ni changu mimi, wakuu, hiki ninachonyoa kila Jumapili.

Nilikaa juu ya ndoo nikalia. Si kwa uchungu tu. Nilikuwa nimemsema vibaya moyoni mwangu wiki zote zile, na yeye ni mtoto wa miaka sita.

Mzee akauliza huko nje kama imekuja. Nikamjibu imekuja.

Nikaifunga kwa dawa, nikaiosha kwa maji mengi, nikaitundika kwa kibanio cha nguo. Ilipokauka nikampelekea mama mlangoni. Jua lilikuwa bado kali. Akaisogeza mpaka ikagusa pua. Akaizungusha akitafuta mahali ambapo jicho linashika. Nikawa namwangalia, maana hii nayo akiuliza ni mtoto wa nani, sina pa kwenda tena.

"Ndiye," akasema. "Baba yako alisimama upande huu. Jicho moja lilimfuata."

Nikamwambia nashukuru Mungu kwamba amemwona kabla jicho halijazima.

Akanirudishia picha mikononi.

"Mimi simsahau, hata bila macho. Nilitaka umwone wewe. Mimi nikienda, hakuna mwingine anayemjua."

Nikaigeuzia juani, nikamtazama tena. Mzee Kassim akainuka, akasema anawahi swala ya alasiri.

Wakuu, hiyo ndiyo habari yangu. Jicho la kushoto limezima mwezi uliopita. Karatasi moja nzima imebaki kwenye pakiti, sijaigusa.

Nilichojifunza ni kidogo. Ukifundishwa kazi na mtu, muulize hata lile analoliona ni la kawaida kiasi kwamba halitaji, na wewe mwambie unachofanya hata kama unaona ni kilekile. Na mgonjwa wako akikuomba kitu, usijifanye unajua anakitakia nini. Mimi nilijua ni kwa ajili ya macho yake.

Mwenye kujua zinakopatikana karatasi za kusafishia picha aniandikie hapa chini. Na aliyewahi kuuguza mzazi mwenye ugonjwa wa macho aniambie mnapitishaje siku, maana uchovu haujaisha, msije mkadhani umeisha.

Ngoja niishie hapa, mama ananiita. Kila asubuhi ananiuliza gauni la Naomi lilikuwa na vifungo vingapi. Anajua, yeye ndiye alivishona. Namjibu vinne, mama, na cha chini kimelegea.