Nyota Tatu Mkono wa Kulia

Nakumbuka alfajiri moja ya mwezi wa saba, mwanangu, baridi imeshika mpaka masikio ya punda. Mimi na shangazi yangu Mwajuma tulikuwa tunapandisha samli kutoka kwetu Momba kwenda kuiuza Tunduma. Nilikuwa binti wa kuposwa. Ijumaa ile, baada ya swala, mshenga wa Ramadhani, kijana wa wafugaji jirani zetu, angekuja kuchukua jibu. Nami nilikwisha kuamua kumkataa.

Si kwamba sikumpenda. Nilimpenda hata nikawa napitisha ndama kwao bila sababu. Lakini siku ya soko iliyotangulia nilimwendea bwana mmoja pale Tunduma, aliyeketi na kitabu cha nyota. Aliniuliza jina langu na la mama yangu, la Ramadhani na la mama yake, akahesabu herufi kwa vidole, akatikisa kichwa. Nyota yangu ya maji, ya mwenzangu ya moto. Tukioana nitamzima, hatamaliza miaka mitatu.

Hayo nilimweleza shangazi njiani. Wakati wa swala ulipoingia akamfunga punda, tukatawadha kwa maji ya dumu, akasema, "Haya, mjuzi wa nyota. Kibla kiko wapi?"

Nikageuka huku na huku. Njia ile ina kona nyingi. Sikujua hata tumetokea wapi.

Akanishika mabega. "Unaziona zile tatu, zimepangana kama ng'ombe wanaokwenda kunywa maji? Zimechomoza mashariki. Ziweke mkono wa kulia. Tazama mbele. Sasa geuka kulia kidogo tu. Hapo." Tukasali. Tulipomaliza akaniambia, "Sasa nionyeshe hiyo yako ya maji, kesho niitumie."

Nikainua kidole, nikakishusha.

"Mola ameziweka zituonyeshe njia gizani," akasema, "na zipambe mbingu, tumkumbuke aliyeziumba. Siku ya mtu kufa hakuziambia."

Ningependa kukwambia nilielewa papo hapo. Hofu, mwanangu, haitoki kwa somo moja. Nikauliza, "Na kama ni kweli, shangazi? Nimuue mtoto wa watu?"

"Basi twende kwa mwenyewe."

Samli ilipokwisha sokoni tukamfuata. Shangazi akamsalimu kwa adabu zote. "Mwalimu, adhuhuri imeingia, nasi si wenyeji. Tuonyeshe kibla."

Yule bwana akatazama juu, akatazama foleni ya malori, kisha akanyoosha kidole mpakani.

"Zambia?"

"Huko huko, mama."

"Basi mwaka huu tutahiji Nakonde, hapo ng'ambo. Nauli nafuu."

Mama mmoja Mbemba wa Zambia aliyekuwa akiuza dagaa kando yake akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwaiseni, mukwai," akatukaribisha kwao. Bwana akafunga kitabu. Njia ya mwongo ni fupi. Ya yule iliishia ng'ambo ya kizuizi cha mpaka.

Tukirudi, kihofu kidogo kilikuwa bado kimeng'ang'ania. "Lakini shangazi, maji na moto..."

"Jikoni kwangu maji na moto vikikutana hutoka chai."

Ijumaa mshenga alipewa jibu, na chai. Miaka mitatu ilipita, ikapita na mingine mingi. Ramadhani wangu yuko hapo barazani sasa hivi, ndevu nyeupe, anadai kikombe cha pili.

Nanyi siku hizi mnasoma nyota kwenye simu kabla hata ya kupiga mswaki, na wengine wanakwenda kusafishiwa nyota. Nyota haichafuki, mwanangu. Ukitaka kujua kama kijana anafaa, waulize wanaoishi naye, tazama anavyosema na mama yake, kisha sali istihara umwachie Mungu. Kuuliza si ujinga, ila chagua wa kumuuliza: anayedai kuiona kesho yako, akuonyeshe kwanza kibla cha leo. Na jifunze zile nyota tatu. Simu huzimika chaji. Zile bado sijaziona zikikosa zamu yake.

Mola akuongoze gizani na mchana kweupe, akupe mwenzi wa kunywa naye chai mpaka uzeeni, na uso wako usikose kamwe pa kuelekea. Amina.