Sanda ya Baba Mkwe

Kwenye kliniki moja ya meno alikuwapo mpokezi ambaye wagonjwa walimbandika jina la Dada Subiri, kwa kuwa neno hilo lilimtoka kinywani mara nyingi kuliko salamu. Kati ya subiri moja na nyingine, alikuwa akiandika riwaya. Kisa hakikumsumbua. Miaka hiyo kila aliyejua kushika kalamu alikuwa anasimulia upya ngano za Wagiriki wa kale, safari hii kwa mdomo wa mwanamke aliyesahauliwa.

Mchapishaji alimsikiliza huku akitikisa kichwa. "Mchawi wa kisiwani kashachukuliwa. Yule mwenye nyoka kichwani ndiyo usiseme, wanamgombania. Nani kabaki?"

"Yule mke anayemngoja mumewe arudi kutoka vitani. Wanaume wakija kumposa, anawaambia amalize kwanza kufuma sanda. Mchana anafuma, usiku anafumua."

"Ana hasira?"

"Amechoka tu."

"Mtie hasira. Na jaladani atupe mgongo, tumpake dhahabu."

Kungoja Dada Subiri alikujua. Mume wa mbali ndiye hakumjua, maana wake, fundi majokofu, hakuwahi kulala nje hata siku moja. Basi akaazima vya nyumbani. Ile sanda, katika ngano yenyewe, ni ya baba mkwe, mzee aliye hai bado, anayeshinda bustanini na nguo zilizochakaa. Na nyumbani kwake kulikuwa na baba mkwe, tena hai sana, aliyeshinda kwenye nyanya zake na koti lililotoboka viwiko. Mwandishi akaongezea vitu vidogo: kikohozi cha kuomba chai, na tabia ya kufunua sufuria kabla chakula hakijaiva.

Kitabu kilipotoka, mzee alikisoma chote, kisha akaitisha kikao sebuleni.

"Mwanangu," alianza kwa upole wa kutisha, "nimekukosea nini hata unifumie sanda ningali napumua?"

"Baba, hizo ni ngano za Wagiriki. Za zamani mno."

"Mgiriki alilijuaje koti langu?"

"Nguo mbovu zimo kwenye ngano, baba."

"Na kikohozi?"

Dada Subiri akamgeukia mumewe. Mumewe, aliyeketi kati yao, akakumbuka ghafla kwamba kuna jokofu la mtu halijapona, akatoka.

"Halafu unaifumua!" mzee akaendelea, akiligonga jalada. "Ungeimaliza, ningejua moja. Lakini wewe hata kunizika unasitasita!"

Akahamia bustanini na sahani yake, akala huko amenuna. Mwishowe Dada Subiri akamfuata, akachuchumaa kando yake.

"Nisamehe, baba. Kikohozi nilikitia mimi."

"Na sufuria?"

"Na sufuria."

Mzee akatafuna kwanza. "Sanda nimeshaisamehe. Kinachoniuma ni kwamba kitabu kizima nimesema mara moja tu. Na nilichosema ni 'aa'."

Siku ya uzinduzi, ukumbi ulijaa wasomaji wenye mifuko ya kitambaa begani. Mtaalamu mmoja akaeleza kwa kirefu kwamba sanda si sanda, na baba mkwe si mtu bali ni mfumo. Mzee akasimama katikati ya viti.

"Mfumo ni mimi hapa," akasema.

Makofi yalilipuka. Watu walipanga foleni awatilie saini, bibi mmoja akamshika mkono akilia, na mwandishi mwenyewe akabaki mezani na kalamu isiyo na kazi. Mchapishaji alimvuta pembeni akihema. "Huyu mzee hakuna aliyemchukua! Sauti iliyosahauliwa kuliko zote!"

Sasa jioni Dada Subiri akitoka kliniki, mzee husema na yeye huchapa. Vita havimo, bahari haimo. Kuna nyanya, sura baada ya sura, na mkamwana asiyejua kipimo cha chumvi. Hapo kwenye chumvi alitaka kufuta, ila akajikuta anacheka, akaacha. Mchapishaji ametuma ujumbe kwamba riwaya ya Kigiriki lazima iwe na mungu japo mmoja. Mzee amekubali, kwa sharti kwamba mungu huyo aje na jembe lake mwenyewe.