Cheti cha Mama, Upande wa Nyuma

Mtaa mzima ulimwita Bi Plastiki, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kibanda chake cha kuchapa na kutoa kopi kilikuwa ubavuni mwa ofisi za serikali, na karatasi yoyote ya maana iliyopita mikononi mwake ilitoka imevikwa plastiki: vyeti vya shule, hati za viwanja, hata kadi ya kliniki ya mtoto wa jirani. Wapo wanaookota paka wa mitaani. Yeye hakuweza kuona karatasi imechanika pembeni akatulia.

Mwaka huo alishikwa na homa ya ukoo. Alianza kwa kuuliza maswali misibani, akaishia kupekua masanduku ya watu. Siku alipopata barua ya mwajiri wa babu yake mzaa mama, iliyotaja siku hasa aliyofariki, alitembea nayo mjini kutwa nzima ili kuionyesha tu. Babu alikufa kijana, bibi akamfuata, na mama akaenda kulelewa na shangazi wa mbali. Waliojua habari zao kwa macho walikuwa wamekwisha zamani, na kilichobaki ni neno moja la familia: babu alikufa mama akiwa bado tumboni. Basi Bi Plastiki akachora mti wa ukoo, akaandika tarehe zote, ile ya barua na ile ya cheti cha kuzaliwa cha mama, akautuma kwenye kundi la familia bila kuzitazama mara mbili. Hapo ndipo alipojipalia makaa.

Mjomba Mwalimu, mtoto wa mdogo wake babu, alifundisha hesabu miaka thelathini na hata kustaafu hakukumponya. Alihesabu akaandika: "Kutoka kifo cha baba hadi kuzaliwa kwa mtoto ni miezi ishirini na miwili. Hiyo mimba ilikuwa ya tembo?" Watoto wa watu wakamwaga vikatuni vya kucheka. Mama alisoma kila kitu, neno kwa neno, maana miwani yake ilikuwa mipya. Kesho yake asubuhi alikuwa amejitoa kwenye kundi.

"Usichimbe tena, mwanangu," alimwambia binti yake, huku akikunja kanga iliyokwisha kukunjwa. "Nimejiita kwa jina la baba yangu maisha yangu yote. Ukiendelea utakuta si wangu."

Mwana mtiifu angeacha. Bi Plastiki hakuweza, kwa sababu aliyemwaga sumu ile ni yeye mwenyewe na hakuwa anapata usingizi. Aliposikia kuna kongamano la siku mbili la watafiti wa nasaba, la mtandaoni, alijiandikisha, akaweka kompyuta ya kazini katikati ya mashine ya kopi na boksi la karatasi, akasema liwalo na liwe.

Siku ya kwanza haikumfaa kitu. Mmoja alieleza kupima mate maabara, mwingine akaonyesha programu ya kuchora matawi ya rangi saba, na yeye akaandika kila neno kwenye daftari huku moyo wake ukizidi kuwa mzito. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, aliletwa karani mstaafu wa vizazi na vifo, mzee mwenye sweta aliyekaa karibu mno na kamera hata paji la uso likajaa skrini yote.

Mzee alikuwa ndiyo kwanza anaanza pale mteja alipoingia kibandani na kusema kwa sauti ya kuitia watu ng'ambo ya pili, "Dada, nitolee kopi mbili. Mbele na nyuma, usisahau nyuma."

Bi Plastiki alikuwa hajazima maiki. Watu mia mbili na zaidi walisikia. Alitamani ardhi immeze.

Karani mstaafu akacheka mpaka sweta ikatikisika. "Huyo mteja ana akili kuwashinda wengi wenu," alisema. "Nyinyi mnasoma mbele tu. Sikilizeni niwaambie aibu yetu. Mtoto akiletwa amechelewa, ana miaka mitatu, minne, fomu za waliochelewa zilikuwa ndefu, na sisi tulikuwa wavivu. Tuliandika tarehe ya siku hiyo mbele kama ndiyo ya kuzaliwa, kwisha. Ila mwenye kumwogopa Mungu aliandika ukweli nyuma, kwa kalamu. Geuzeni vyeti vyenu."

Bi Plastiki hakugeuza kitu. Miaka kumi nyuma, cheti cha mama kilipoanza kuachana kwenye mikunjo, yeye mwenyewe alikipaka gundi, akakibandika juu ya karatasi nyeupe, kisha akakivika plastiki. Upande wa nyuma aliuzika kwa mikono yake, na hakukumbuka ulikuwa na nini.

Safari hii aliwasha maiki kwa makusudi, akaungama mbele ya umati ule.

"Usibandue, mama," mzee alimwambia kwa upole. "Utapoteza mbele na nyuma. Una dirisha? Kibandike kwenye kioo jua likiwa nje, usome kwa upande ule wa karatasi nyeupe. Wino wa zamani ni mkaidi."

Alimwachia mteja kibanda, akakimbia nyumbani. Mama alikuwa amelala kidogo. Alikitoa cheti kabatini taratibu, akakilaza kwenye kioo cha dirisha la jikoni, na jua la saa tisa likapita katikati yake. Mwanzoni aliona ukungu tu. Kisha mistari minne ya mwandiko wa kulala ikajitokeza, hafifu lakini imenyooka.

*Tarehe ya mbele ni ya usajili. Mtoto ana miaka mitano, anahitajika shuleni. Baba ni marehemu. Ameletwa na mdogo wa marehemu.*

Chini yake palikuwa na jina na sahihi ya baba yake Mjomba Mwalimu.

Bi Plastiki alikaa chini sakafuni, akalia kwa raha, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Kisha akapiga picha, akamtumia mjomba peke yake. Simu ililia kabla hajafuta machozi.

"Hiyo ni sahihi ya mzee wangu," mjomba alisema. "Hesabu yangu ilikuwa sawa, swali ndilo lilikuwa la kijinga. Mwambie dada nakuja jioni hii kumwomba radhi uso kwa uso. Na kwenye kundi nitaandika mwenyewe."

Mama aliamka akamkuta binti yake dirishani na macho mekundu. Aliposomewa ile mistari aliomba asomewe tena. Akahesabu kwa vidole.

"Kwa hiyo nina themanini na moja, siyo sabini na sita," alisema. "Ndiyo maana magoti hayanisikii."

Walicheka wote wawili. Mama akashusha pumzi ndefu, akakaa kwenye kiti, na uso wake ukalegea kwa namna ambayo binti yake hakuwa ameiona tangu ile siku ya tembo.

"Kuna mtu huwa namkumbuka," alisema. "Sijawahi kumwambia yeyote, hata marehemu baba yako. Amenibeba mabegani, nimemshika masikio, ananiuliza tukate kulia au kushoto. Nikivuta sikio la kulia anakwenda kulia. Nilijua baba alikufa sijazaliwa, nikajiambia basi ni ndoto."

Alikichukua cheti, akakiweka mapajani.

"Alipokufa nilikuwa na miaka mitatu," alisema. "Basi ni yeye."