Wananitaka Nirudishe Kitambi Kabla ya Mahari ya Binti Yangu

Admin, ficha jina langu, lakini hasira yangu iache ilivyo.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na tatu. Nina mke na binti mmoja, tunaishi Kangemi, na nina duka dogo la kuchapisha kadi na vitabu vya risiti huko River Road. Kazi yangu ni ya kukaa. Kwa miaka ishirini nilikalia stuli moja: chai na mandazi matatu saa nne, chipsi mchana, jioni ugali uliopanda kama kichuguu. Nilifika kilo mia moja na kumi. Kila aliyeniona alisema, "Maisha imekukubali, mzee!" Nami, mjinga, nikacheka.

Mwaka jana nilizidiwa kwenye ngazi za jengo letu. Daktari mmoja wa Parklands, mama asiyepepesa maneno, akaniambia, "Presha iko juu na sukari inabisha hodi. Nusu ya sahani iwe mboga, robo ugali, robo maharagwe au samaki. Na utembee kila siku." Hakuniuzia unga wa miujiza. Nikatii. Mandazi nikayaaga, na kila asubuhi natembea kwa miguu hadi Westlands kabla ya kupanda gari. Kwa miezi tisa nimepunguza kilo ishirini na mbili. Ngazi napanda bila kuhema. Presha ikashuka, na daktari akapunguza dawa. Nilitarajia pongezi. Thubutu!

"Umeisha, boss!" ndiyo salamu yangu sasa. Jirani yangu wa duka la misumari alinivuta kando akaninong'oneza, "Mzee, siku hizi dawa ziko, mtu haogopi." Jumamosi moja nilipitia Spring Valley, ambako wenye majumba hukimbia asubuhi na askari wa geti huwapigia saluti. Mimi askari aliniuliza, "Mzee, umekosa fare?" Ndivyo tulivyo. Tajiri akikonda ni mazoezi. Sisi tukikonda ni ugonjwa au njaa. Tumefanya kitambi kuwa cheti cha mafanikio, kisha tunachanga kila mwezi kuzikana, na hakuna anayeuliza swali.

Haya yote ningeyavumilia. Lakini wiki mbili kutoka leo wakwe watarajiwa wanaleta mahari ya binti yetu, ambaye hapa nitamwita Shiru. Mke wangu alinijaribisha suti, ikanipwaya. Akakaa kitandani akashika kichwa.

"Baba Shiru, hao watu wakikuona hivi watasema nini? Si watasema hapa hakuna chakula? Ama wanaoa kwa wagonjwa?"

"Watasema baba ana afya."

"Afya gani? Unakaa kama hanger ya nguo!"

Tangu siku hiyo chakula changu kikaanza kung'aa. Niliuliza, akaapa kwamba ni macho yangu. Alhamisi iliyopita asubuhi niliingia jikoni kuchukua maji nikamkuta anakoroga kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kwenye bakuli langu la maharagwe. Hakustuka hata kidogo. "Ni wiki mbili tu," akasema. Nikamuuliza kama mimi ni fahali anayenoneshwa kwa ajili ya Krismasi. Siku hiyo hiyo nilikwenda kupimwa. Presha imepanda tena.

Jumapili wakaja akina mama saba wa kikundi chake cha kanisa, na maharagwe meusi ya njahi, chapati na supu ya mifupa. Wakanizunguka wakaanza kukemea pepo wa kukonda. Kabla ya amina nikasimama nikasema, "Kemeeni kwanza mafuta yaliyo kwenye sufuria zenu!" Nakiri sikusema kwa upole. Walibeba hotpot zao wakaondoka, na mke wangu amenuna mpaka leo. Ameshaamua kwamba kaka yangu mkubwa, mwenye tumbo la kujaza viti viwili, ndiye atakayekaa kiti cha baba siku hiyo. Mimi nitajumuika na wageni wa nyuma. Kaka naye amekubali, tena kwa furaha.

Naandika kwa ukali, lakini kuna jambo linaninyamazisha. Tulipopeleka mahari kwa akina mke wangu miaka ile, baba yake alikuwa amekonda kwa maradhi. Shangazi zangu walinong'ona na kucheka, na mke wangu aliwasikia. Mimi pia niliwasikia, na sikuwakanya.

Jana Shiru mwenyewe alinipigia simu. "Dad, si ukule tu hizi siku ziishe? Utatembea baadaye. Ni kwa ajili yangu." Wote waliotangulia niliwajibu. Huyo ndiye amenifanya niwaandikie.

Sasa, ndugu zangu, niambieni la kufanya. Nile mafuta nimkabidhi binti yangu nikiwa na mwili wa kupendeza wakwe na presha ya kuniua? Nimwachie kaka kiti changu? Au niingie na suti yangu inayopwaya, nikikalie kiti hicho kwa nguvu, watu wagombane mbele ya wageni? Nitasoma kila jibu. Ila wewe unayetaka kuniandikia "kula tu, mzee, siku ni chache," kwanza nenda ukapimwe presha, kisha andika imesoma ngapi.