Saa Niliyomwonyesha Mzee wa Gasorwe

Nakumbuka asubuhi moja ya soko kule Gasorwe, mwanangu, na kila ninapoikumbuka hujikuta nimekishika kifundo cha mkono wangu wa kushoto, pale palipokaa saa. Jana ulinionyesha picha kwenye simu yako, picha ya saa ya wakimbiaji, ile inayopima njia kwa kusaidiwa na satelaiti, ukaniuliza, "Papa, hii ni nzuri ama mbaya?" Nikakurudishia simu, ukadhani nimechukia. Sikuchukia. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Hapa Musinzira, mtaani kwetu Gitega, mnaniita mzee, nami hucheka, maana ndevu zangu bado hazijajaa mvi. Lakini mtu aliyefundisha watoto wa watu kukimbia miaka yote hii, tena magoti yake yanalia akipanda ngazi tatu, akiitwa mzee hana budi kuitika. Zamani nami nilikuwa na miguu. Gitega nzima ilinijua kwa miguu yangu, na mimi mwenyewe nilijijua kwa miguu tu, jambo ambalo si zuri sana.

Enzi hizo tulipima njia kwa mabishano. Mmoja anasema kutoka sokoni hadi njia panda ya Makebuko ni kilomita tano, mwingine anaapa ni sita, na wa tatu, ambaye hakukimbia kabisa, ndiye anayepiga kelele kuliko wote. Ndipo kaka yangu Hamisi, niliyekuwa naye kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma kabla hajapelekwa ng'ambo, aliponitumia saa. Ilikuwa nene kama kibiriti, ikiwa na mkanda wa kuvaa kifuani unaosikiliza mapigo ya moyo. Kila kilomita ilipiga mlio na kuandika dakika nilizotumia, na ukifika nyumbani unaweza kuzipitia zote, moja baada ya nyingine. Mwanangu, nililala nayo. Mama yangu alisema hajawahi kuona mwanamume aliyeoa chombo.

Na kweli ilinifaa, nisiseme uongo. Ilinifundisha kwamba nilikuwa naanza mbio kama mwizi aliyefumaniwa na kumaliza kama mgonjwa. Ilinifundisha siku ya kupumzika, kwa sababu moyo ukichoka huonekana kwenye namba kabla mwenyewe hujakubali. Ndani ya miezi michache nilikuwa mkimbiaji mwingine. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wanasema wahenga, na mimi nilisifiwa na saa, msifu asiyechoka.

Baba yangu mkubwa, Mzee Rajabu, alikuwa fundi cherehani Muyinga mjini. Msimu wa sare za shule nilikwenda kumsaidia, na siku za soko tulipanda gari na mizigo ya nguo hadi Gasorwe. Akishatandika vitenge vyake kando ya cherehani, aliniachia nafasi nikakimbie. Nilikuwa na mzunguko wangu wa kilomita kumi: nashuka bondeni, napita kwenye migomba, kisha napanda mlima mrefu wa udongo mwekundu unaonirudisha kwenye barabara kubwa, sokoni. Wiki tatu mbele kulikuwa na mbio za kuchagua wakimbiaji hapa Gitega. Nilitaka kumaliza mzunguko ule chini ya dakika thelathini na tano, na asubuhi ile, kufikia kilomita ya saba, saa iliniambia nitaweza.

Sasa nikueleze jambo, wewe uliyezaliwa mjini. Huko milimani, mgonjwa ambaye gari haliwezi kumfikia hubebwa kwa ingobyi, machela ya kusuka yenye miti miwili, mabegani mwa watu wanne. Na iko desturi ambayo haikuandikwa popote: ukikutana nayo njiani, unatua ulichobeba na kuingiza bega lako. Huulizi mgonjwa ni nani, wala wa dini gani, wala wa kilima kipi. Unabeba mpaka atokee mwingine wa kukupokea. Hivyo ndivyo wagonjwa wanavyofika barabarani, kwa mabega ya watu wasiowajua.

Niliikuta ile ingobyi mwanzoni mwa mlima mwekundu. Walikuwa mbele yangu, wanapanda kuelekea kulekule nilikokuwa naelekea. Vijana watatu na mzee mmoja. Mzee alikuwa nyuma, upande wa kushoto, miguu mitupu, na machela ilikuwa imelala upande wake kwa sababu bega lake lilikuwa limeshuka. Niliona mkono wa mwanamke umeng'ang'ania ukingo. Mzee alisikia hatua zangu akageuza shingo.

"Mwanangu," akasema, "tusaidie kidogo. Mi nimechoka kabisa. Iko mtoto yangu huyu."

Nilinyanyua mkono wa kushoto nikamwonyesha saa. Nikaigonga kwa kidole mara mbili, kama mtu aliye na miadi ya maana, nikapita.

Nilimaliza kwa dakika thelathini na nne na sekunde hamsini. Pale barabarani pikapu ya wafanyabiashara ilikuwa inaondoka kwenda Muyinga. Dereva alinipigia honi kwa kunitania, nami nikampungia mkono huku nacheka. Kumbuka hiyo pikapu, mwanangu. Mimi sijawahi kuisahau.

Mzee Rajabu alinipa maji, akasikiliza habari za dakika zangu huku anapima kitambaa. Kisha tukasikia sauti kutoka barabarani, sauti za watu wanaoita gari ambalo halipo. Alitupa mkasi akakimbia, yeye na miaka yake. Mimi nikabaki, nikasema moyoni nalinda vitenge. Nilitazama saa. Zilikuwa zimepita dakika ishirini na mbili tangu nimalize.

Baada ya muda alirudi, hakunitazama, akachukua kitenge kimoja cha buluu chenye picha za ndege, akaondoka nacho. Kitenge kile alikuwa amekisifia asubuhi yote. Nilijua hakuna mteja. Nilijua kinakwenda kufunika.

Jina la yule mwanamke lilikuwa Spès. Alikuwa na uchungu wa uzazi tangu siku iliyotangulia. Alifia kando ya barabara wakingoja gari jingine, na mtoto akiwa bado tumboni.

Mzee Rajabu aliporudi mara ya pili alikaa kwenye kiti chake cha cherehani, mikono magotini. Hakupaza sauti. Mpaka leo natamani angepaza.

"Wale vijana wanasema iko mtu aliwapita anakimbia," akasema. "Iko na saa kubwa."

Nikainamisha kichwa.

"Bon. Nionyeshe iyo saa. Ule mlima, inasema nini?"

Nikabonyeza vitufe hadi kilomita ya mlima. Nikamsomea: dakika nne na sekunde mbili.

"Na wiki ilipita?"

"Nne na ishirini, baba."

Akahesabu tofauti kwa vidole. "Alors uliongeza mwendo," akasema. Kisha akaweka ukucha kwenye namba ndogo iliyokuwa chini. "Na iyi?"

"Mapigo ya moyo."

"Yalipanda?"

"Yalipanda kuliko siku zote."

"Moyo yako ilikuita, kijana. We ukaikimbia." Akaokota mkasi wake, akaanza kukata sare ya mtoto asiyemjua. Hakunikaripia tena maishani mwake, na hakuhitaji.

Siku ya tatu alinichukua tukaenda msibani. Nilimwomba aniache nyumbani, nikasingizia tumbo. Akasema tumbo halizuii miguu kutembea. Tulipanda kilima hadi kwa yule mzee wa machela, baba yake Spès, tukakaa na wanaume kwenye mbao uani. Walituletea maji na ndizi, sisi Waislamu wa mjini tusiojulikana, na wakatushukuru kwa kuja. Mzee Rajabu aliponyanyuka kwenda kuwasalimia wengine, yule baba alikuja akakaa pembeni yangu. Bega lake la kushoto lilikuwa na alama ya mti, ngozi imechubuka.

"We ndo ulikuwa unakimbia," akasema.

Niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na nilitaka kutukanwa.

"Vijana walikasirika sana. Mi nikawaambia, mumuache. Ule naye iko na mugonjwa wake anamukimbilia. Alinionyesha saa." Akanigeukia, macho yake mekundu lakini mapole kabisa. "Sasa niambie, mwanangu. Ulimukuta muzima?"

Mwanangu, nimekimbia mbio nyingi na sijawahi kukosa pumzi kama nilivyoikosa pale. Ukweli ulikuwa mdomoni, maneno matatu tu: sikuwa na mgonjwa. Nikamtazama, nikaona kwamba katika siku ile mbaya alikuwa amebakiza jambo moja la kumfariji, kwamba kijana aliyempita naye alikuwa na machozi yake. Au pengine huo ni uongo mwingine ninaojipa. Pengine niliogopa tu.

"Nilimkuta mzima," nikasema.

Akanishika mikono yote miwili. "Imana ishimwe," akasema, Mungu ashukuriwe, na alishukuru kweli, kwa ajili ya mgonjwa ambaye hakuwepo.

Nilijiapiza nitarudi kumwambia. Nitarudi baada ya mbio. Nitarudi mavuno yakiisha. Nitarudi nikiwa na nauli. Mwaka uliofuata Mzee Rajabu akaniletea habari kwamba yule baba naye amefariki. Majuto ni mjukuu, mwishowe huja kinyume, na huyu mjukuu wangu nimemlea mwenyewe, ameshakuwa mtu mzima. Mbio za Gitega nilikimbia. Matokeo usiniulize.

Hutaacha kujiuliza, kwa hiyo nikujibu: je, bega langu lingemwokoa Spès? Sijui. Pengine siku zake zilikuwa zimetimia. Ajali haina kinga. Ila najua kwamba kijana mwenye nguvu nyuma ya ile machela angewafikisha mapema, na neno langu moja kwa dereva lingeizuia ile pikapu, maana najua iliondoka saa ngapi, kwa sababu nilikuwa na saa. Mwenzangu asiye na saa angeweza kujidanganya kwamba ilikuwa imeshaondoka zamani. Mimi sina nafasi hiyo.

Turudi basi kwenye picha yako. Saa hizi za siku hizi ni nyepesi, na zinafanya mengi kuliko yangu. Zitakuonyesha ulikopita, zitakusaidia kurudi ukipotea, na mwaka juzi mmoja wa wenzako alipotegua mguu kule Makebuko tulimpata kwa sababu saa yake ilikuwa inatuma mahali alipo. Hilo ni jema kubwa, sitalificha. Lakini mabondeni na kwenye mikaratusi mirefu saa hupotea, ikakupa kilomita ambazo hukukimbia. Mapigo inayoyasoma kifundoni huwa ya kubahatisha ukiivaa imelegea. Chaji ikikuishia katikati ya njia, utajiona umekimbia bure, kumbe miguu imefanya kazi yake yote. Na mtu anayeitazama kila hatua huacha kutazama njia, na njiani ndiko waliko watu.

Udhaifu wake mkubwa lakini si wake, ni wetu. Saa haikudanganyi. Inakujibu ulichoiuliza, na mimi niliiuliza dakika tu. Namba zote mbili za aibu yangu iliziandika kwa uaminifu, ikakaa kimya mpaka mtu mwenye busara alipoiuliza swali la kweli.

Basi inunue, mwanangu, sikukatazi. Yangu ilikufa betri siku nyingi, imo kwenye kisanduku pamoja na mkasi wa Mzee Rajabu, na sihitaji kuiwasha ili nijue imeandika nini. Ila ukiipata, kabla hujajifunza kitufe cha kuanzisha, jifunze cha kusimamisha. Yangu ilikuwa nacho, upande wa kulia, chini. Kidole changu kilikuwa juu ya kioo, sentimita mbili tu kutoka hapo. Ukikutana na mzigo uliomshinda mtu, kibonyeze, uingize bega, hata kama ni mbio za maisha yako, hata kama mshindi atakuwa mwingine. Ukishindwa siku hiyo, kwa maana hata wema hushindwa, basi usingoje mavuno wala nauli. Rudi ukaseme ukweli mapema, mwenye kuusikia akiwa bado hai.

Mungu akupe miguu myepesi, mwanangu, na bega lisilokwepa. Akukutanishe na watu wanaokudhania mema, na akujalie uyastahili. Na siku mzee wa watu atakapokushika mkono akuulize kama ulimkuta mzima, Mungu akupe jibu la kweli.