Sabuni Chini ya Tangi

Juzi mdogo wangu alinitembelea hapa Mikumi, akaegesha pikapu yake ya kazi ubavuni mwa jiko langu, akaingia kula. Nilipotoka kumwita mwanangu nikamkuta amekaa kwenye usukani, anaunguruma kwa mdomo. Na petroli inanuka. Nilimvuta mkono mpaka akalia.

"Dada nawe!" mdogo wangu akacheka, kasimama mlangoni. "Ulitaka gari linukie marashi? Tangi linavuja kidogo tu, nimeliziba kwa sabuni."

Kwa sabuni! Nilitaka kumzaba kibao. Badala yake nikakaa chini.

Wewe uliyekulia vijiji vyetu utanielewa. Tulikuwa Rudewa, miaka ya mwanzo ya ujamaa, mkonge bado umesimama mistari mpaka macho yanachoka. Asubuhi tuliamshwa na kinu cha bibi, kisha kipande cha reli kilichogongwa shuleni. Mgeni akija kutoka mjini, kazi za shamba zilisimama. Wanaume walikaa mkutanoni, wanawake walipika, na sisi watoto tulimwoshea gari. Ilikuwa aibu mgeni aondoke na vumbi letu.

Siku ile ilikuja Landrova.

"Sugueni mpaka chini," dereva alituambia, akaenda kula.

Nilikuwa na miaka tisa, mdogo wangu kalala mgongoni. Bibi alinikataza kumtua. Lakini utasuguaje gari na mtoto mgongoni? Nikafungua mlango wa nyuma, nikamlaza kwenye kiti, nikaurudisha mlango. Halafu nikaingia uvunguni na gunzi la mahindi. Kwenye tangi palikuwa na donge la kahawia, nikadhani tope. Nililisugua mpaka likatoka lote, nikajiona hodari.

Harufu ilianza kidogo. Bibi alikuwa anasonga ugali hatua chache tu kutoka pale. Akaacha mwiko.

"Nani kamwaga mafuta ya taa?"

Akainusa koroboi, siyo. Akatunusa mikono, mmoja mmoja. Akalifuata gari, akanusa kifuniko cha tangi, akanusa dumu la akiba lililofungwa nje. Pua yake ikazidi kushuka mpaka akapiga magoti, nami nikaona alichokiona: petroli inatiririka kama uzi, imeingia kwenye mkondo wa maji yetu ya kuoshea, inateremka kuelekea mafigani.

Dereva naye huyo, sigara mdomoni. "Bibi, umepoteza nini huko chini?"

Bibi akaichomoa ile sigara mdomoni mwake, akaizamisha kwenye ndoo. "Zimeni moto! Watoto, kimbieni!"

Wanawake wakamwaga udongo mafigani, ugali na vyote. Watoto wakakimbia. Mimi nilisimama. Mdogo wangu yumo ndani ya gari, na anayejua ni mimi peke yangu. Nikisema, nitachapwa. Nakwambia ukweli: niliogopa fimbo kuliko moto. Nikanyamaza. Pumzi moja. Ya pili. Ya tatu.

Akalia mwenyewe mle ndani.

Bibi alikanyaga petroli kwa miguu mitupu, akamtoa.

Dereva bado anafoka. "Nani katoa sabuni yangu?"

"Umeziba tangi kwa sabuni," bibi akamwambia, "halafu unawaambia watoto wasugue mpaka chini? Una akili wewe?"

Bibi akamkatia nusu ya kipande chetu cha mwisho cha sabuni azibie tangi aondoke, maana alikuwa mgeni. Sikuchapwa. Bibi alikaa na mtoto mapajani, akimnusa utosini mpaka jua likazama, wala hakuniuliza neno. Ingekuwa afadhali fimbo.

Bibi hayupo tena. Mkonge umemezwa na pori, kile kipande cha reli sijui kiliishia wapi, na mgeni siku hizi anaondoka na vumbi lake. Mdogo wangu hakumbuki chochote. Anajua habari ya sigara tu, na anaisimulia ili watu wacheke. Zile pumzi tatu hazimo katika hadithi yake. Sikuwahi kuzitaja.

Juzi nilizitaja. Nikiwa nimekaa palepale chini, mwanangu nimembana mapajani, nilimweleza yote.

Aliacha kucheka. Akanitazama, akamtazama mpwa wake aliyekuwa bado ana kwikwi. Kisha akatoka, akaingiza mkono dirishani, akatoa gia, akalisukuma lile gari kwa bega mpaka mbali na jiko. Peke yake, bila kuliwasha.